Kunde Alizokula Sakaya

Kambi ya Kahe, 2 Machi 1910

Kwa Mama Tunu, mke wangu,

Salamu nyingi. Baada ya salamu, tumefika Kahe jana adhuhuri, watu thelathini na wawili, na mizigo yote ya ngozi ni mikavu. Kesho tunashika njia ya Same, na Mungu akipenda baada ya siku nane tutakuwa Buiko, mwisho wa reli.

Nimeisoma karatasi uliyoitia ndani ya mfuko wa chakula. Herufi zako sasa zinakaa mstarini. Nilipokuwa nikikufundisha sikudhani ungeanza kuniamrisha kwa maandishi kabla ya mwaka kwisha. Umeandika "Kula kunde." Nimekula. Uji wa ulezi pia nimekunywa, na mfuko sasa ni mtupu.

Ila usijisumbue kila safari. Posho ya tajiri inatosha. Anatutolea mchele mweupe wa mashine, unaokuja kwa meli kutoka Bara Hindi, hauna pumba wala mawe. Unaiva upesi, na mtu aliyetembea tangu alfajiri hataki kungoja chungu. Sisi watu wa pwani tunapikiwa na Feruzi. Unamkumbuka, yule niliyekua naye Pangani, aliyemchekesha Tunu kwa kulia kama mbuzi. Asubuhi tunakula kiporo na chai, jioni wali na chumvi, na tukipata samaki mkavu tunashukuru. Nakula nashiba.

Nibusie Tunu. Mama mkwe huko Lemara mwambie shikamoo.

Wako,
Abdulrahim bin Omary, mnyapara


Arusha, 15 Machi 1910

Baba Tunu, shikamoo.

Barua imefika. Tunu hajambo. Mvua imeanza na mto Themi umejaa, wanawake wa Kijenge hawajavuka kuja sokoni siku ya tatu leo.

Nina jambo nililolinyamazia ulipokuwa hapa. Siku ile ya Februari uliyorudi, tulipanda pamoja kutoka mtoni hadi nyumbani, nami nilikuwa nyuma yako na kuni. Ulikaa chini mara tatu. Kila mara ulisema unautazama mlima. Siku ile mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu.

Kwa hiyo sikuulizi kama umeshiba. Mtu anaweza kushiba hata maji. Nakuuliza umekula nini, asubuhi na jioni, unitajie kwa majina.

Nilimweleza mama. Anasema wanaume wa kwetu wakienda mbali na ng'ombe hubeba kibuyu cha maziwa ya mgando, na nyama kavu, na wakipita penye migomba huomba ndizi. Hawaendi safari kwa chakula cha namna moja. Nilimwambia wewe si mtu wa ng'ombe. Akasema, "Miguu yake si ya mtu?"

Nimewapa watu wa msafara wa chumvi mfuko mwingine wakufikishie. Ndani mna kunde, unga wa ulezi, mboga ya mnafu niliyoikausha kivulini, na asali kwenye kibuyu kidogo. Kunde ziloweke asubuhi, azibebe mtu mmoja hivyo hivyo ndani ya maji. Mtakapofika kambini zitakuwa zimelainika, na hazitachelewa kuiva kuliko huo mchele wenu.

Mkeo,
Namelok


Buiko, 3 Aprili 1910

Mama Tunu,

Mvua ilituzuia Same siku nyingi, na mfuko ulinifikia huko salama, asali haikumwagika. Kunde tumezilowesha njiani kama ulivyosema, na kweli ziliiva upesi. Watu wamezisifu sana. Umetaka majina ya vyakula, basi haya. Asubuhi kunde, jioni kunde. Natumaini umeridhika.

Feruzi hajisikii vizuri. Miguu imekuwa mizito na nyayo zinamwaka moto, na akipanda kilima kidogo tu anahema kama mzee. Waliozoea njia hii wanasema ni maji ya mto Ruvu, kwamba mwaka huu yana kitu. Nimempunguzia kazi. Anapika akiwa amekaa.

Tunapakia saruji na mabati, kisha tunarudi. Nimemtanguliza Sakaya aje na barua hii na ya tajiri, maana katika watu wangu wote yeye ndiye mwenye mwendo. Mpe chai.

Jambo moja. Makubazi yangu yalilowa, yakakauka, yakabana. Nishonee mengine, umpe Sakaya. Yapime vidole viwili zaidi ya yale ya kwanza.

Wako,
Abdulrahim


Arusha, 18 Aprili 1910

Abdulrahim,

Sakaya amefika. Nilimpa chai, akakaa kizingitini akaniambia, "Mama Tunu, kunde zako ndizo zilizotufikisha Buiko."

Nikamuuliza, "Zimewafikisha nyinyi akina nani?"

"Sisi watu wa bara. Mnyapara hutugawia mfuko wote. Yeye na wenzake wa pwani wana wali wao."

"Na mfuko wa kwanza?"

"Huo pia. Mungu akuzidishie."

Alisema kwa shukrani, hakujua ananiambia nini. Nami sikumwonyesha. Nilimwongezea chai.

Kunde zile nilizichambua barazani siku mbili, nikitoa zilizotobolewa. Ungesema huzitaki ningekuelewa. Hukuwa na haja ya kuniandikia asubuhi kunde, jioni kunde.

Makubazi anayo Sakaya. Nimeongeza vidole viwili. Chakula sikutuma.

Namelok


Kambi ya Same, 6 Mei 1910

Mama Tunu, mke wangu,

Feruzi amefariki. Tumemzika Jumatatu hapa Same, upande wa juu wa njia, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Asubuhi alikuwa akizungumza nami, akataka maji ya kunywa. Nilikwenda kuchota, si mbali. Niliporudi alikuwa ameshakwisha. Inna lillahi.

Barua yako imenikuta siku ya pili yake. Nitakujibu kwa kweli, kwa kuwa sina nguvu ya kupanga maneno mengine.

Kunde zako sikuzila. Si kwamba hazikunipendeza. Nyumbani kwako nimezila mara nyingi, na umeniona nikifuta chungu. Ila huku njiani nakaa sinia moja na watu wa Pangani na Tanga, na kwetu mtu akila kunde na ulezi akauacha wali, huambiwa amekuwa mshenzi, ameoa bara na bara imemmeza. Nilikwisha kusikia wakinong'ona hivyo juu yangu tangu tulipofunga ndoa. Niliogopa sinia, Namelok. Mtu mzima mwenye watu thelathini chini yake, nikaogopa sinia. Kisha nikaogopa kukuambia.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Feruzi alipoanza kudhoofika nilisema ale zaidi. Nikawa nampa na fungu langu la wali. Alikula mpaka siku ile ya mwisho. Hakufa na njaa, wala hakuwa na homa. Sielewi alikufa kwa nini.

Mimi ni mzima. Tunapumzika hapa siku chache kwa sababu watu wamechoka. Sakaya anakuletea hii.

Nisamehe.
Abdulrahim


Arusha, 14 Mei 1910

Baba Tunu,

Poleni sana kwa msiba. Nilimweleza Tunu kwamba mjomba wa mbuzi hatarudi. Akaomba aende kwa bibi yake.

Sasa nisikilize. Sakaya aliponipa barua yako nilitazama miguu yake kabla ya kuisoma. Imekauka, imenyooka, ametembea kutoka Same kwa siku saba na anasema angeweza kurudi kesho. Nikamuuliza, "Mnyapara anayavaa makubazi niliyomshonea?"

Akainamisha kichwa. "Hayamwingii, mama."

"Niliongeza vidole viwili."

"Hayamwingii. Baada ya maziko tulimbeba kwa machela kutoka mtoni hadi hemani. Alituambia tusiseme."

Kwa hiyo najua. Usiniandikie tena kwamba u mzima.

Jana nilikwenda na kaka yangu Loserian kambini kwenye ukingo wa Themi, wanapolala wapagazi wa misafara yote. Nilibeba maziwa, ili nipate sababu ya kukaa nao. Nilimwambia kila mtu anyooshe mguu, nikambonyeza kwa kidole gumba kwenye mfupa, chini ya goti. Kwa wengine nyama inarudi mara moja. Kwa wengine shimo linabaki kama umebonyeza unga uliokandwa. Wenye shimo nimepata kumi na mmoja. Nikamuuliza kila mmoja huwa anakula nini njiani, na sikukubali kuambiwa "chakula". Wote kumi na mmoja wanakula mchele ule mweupe, na chumvi, na chai, miezi mitatu sasa, minne. Wanaokula kunde, ulezi, mahindi, ndizi, sikuona hata mmoja aliyevimba. Wala si maji. Ruvu wameuvuka wote.

Sijui kwa nini chakula kisafi kiumize mtu. Najua nilichokiona kwa kidole changu.

Ulinidanganya, na nilikasirika, na sijamaliza kukasirika. Lakini kama ungezila zile kunde wewe badala ya Sakaya, wewe ndiye ungekuwa na miguu ile. Hilo nalifikiria tangu jana.

Nakuja. Nina punda wawili wa mama, wamebeba kunde na ulezi, na mbuzi watatu wanaokamuliwa. Loserian ananisindikiza. Tunu yuko Lemara. Sakaya anatangulia na barua hii, na mfuko mmoja mgongoni. Huo usimpe mtu wa bara. Mle nyinyi wenye wali, wote mlio wagonjwa, na mchele muuache leo hii.

Usinijibu. Nitakuwa njiani.

Namelok


Buiko, 2 Agosti 1910

Mama Tunu, mke wangu mpenzi,

Leo ni siku ya ishirini na moja tangu ulipogeuza punda kurudi nyumbani, na nimeona niandike kabla hatujashusha mizigo. Nimetoka Same hadi hapa kwa miguu yangu. Vilima viwili vya mwisho nilivipanda nikiwa mbele ya msafara, na Sakaya akaniambia nipunguze.

Kuna mambo sikuyasema ulipokuwa nami Same, kwa kuwa hukunipa nafasi. Siku uliyofika nilisikia mbuzi akilia mlangoni pa hema nikadhani ni Feruzi. Nikamwita. Ukaingia wewe na bakuli. Siku mbili za kwanza neno lako lilikuwa moja tu, "Meza." Siku ya tatu nilisema, "Nisamehe." Ukasema, "Meza kwanza." Nilimeza kunde, nikameza uji wa ulezi na pumba zake, na maziwa, na mayai uliyoyapata kwa wanawake wa Kipare. Siku ya tano maji yalianza kunitoka mwilini, na miguu ikaanza kuwa miguu tena. Nilipoona vifundo vya vidole vyangu nililia, ukajifanya unamfukuza mbuzi.

Wale wenzangu wanne uliowalisha pamoja nami wamepona wote. Mmoja wao alikuwa yule aliyenong'ona zaidi kuliko wote kuhusu ndoa yetu. Hajaniomba radhi, lakini juzi alimgombeza kijana mpya kwa kumwaga supu ya kunde.

Nilimwandikia tajiri kuhusu posho. Amejibu kwamba mchele ameshaununua na hatanunua kitu kingine, ila hajali tunavyoutumia, mradi mizigo ifike. Basi kila kambi tunabadilishana na wanawake wa vijijini. Wanawake wanapenda mchele mweupe kwa siku ya karamu, nasi tunachukua kunde, viazi, ndizi, mboga, na kuku mmoja mmoja. Nimeamuru kila watu watano wawe na kibuyu cha kunde zinazolowa tangu asubuhi. Watu wa pwani walinung'unika. Mmoja alisema mbele ya wote, "Mnyapara, umekuwa Mwarusha?"

Nikamjibu, "Nimekuwa mtu anayetembea. Wewe unataka kubebwa?"

Akacheka kidogo, akachota.

Tunakula sinia moja sasa, watu wa pwani na watu wa bara, kwa sababu chungu ni kimoja. Sikupanga iwe hivyo. Imetokea.

Wako,
Abdulrahim


Arusha, 19 Agosti 1910

Baba Tunu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikamsomea mama kwa Kimaasai. Nilipofika penye mbuzi alicheka mpaka akajifuta macho.

Makubazi yako mapya nimeyapunguza vidole viwili.

Hapa kambini Themi wananijua sasa. Wapagazi wakifika wananyoosha miguu hata kabla sijauliza. Wiki hii nimeona wenye shimo watatu tu. Niliwauliza wale wazima nani aliwaambia waache wali, wakasema wamesikia njiani kwamba kuna mnyapara aliyekula kunde akatembea. Hawakujua wanazungumza na nani.

Sakaya ameniambia kwamba kutoka Buiko utapanda gari la moshi kwenda Tanga kwa kazi ya tajiri. Tanga si mbali na Pangani. Nenda kwa mama yake Feruzi. Atakuwa amepata habari kwa midomo ya watu, na watu watakuwa wamemwambia maji ya Ruvu, au kwamba mwanawe alirogwa. Usimwache na hayo. Mwambie lilivyokuwa, hata kama atakuchukia.

Na huko pwani jihadhari. Watakuandalia wali kila nyumba. Mimi wali sitaki kuuona tena mlangoni pangu.

Mkeo,
Namelok


Pangani, 11 Septemba 1910

Mama Tunu, mke wangu,

Nimefanya ulivyoniambia. Naandika sasa hivi, barazani kwake, kabla sijasahau maneno.

Mama yake Feruzi anaitwa Bi Chiku. Utotoni alinichapa mara nyingi kama alivyomchapa mwanawe. Nilimkuta uani akitwanga mpunga. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama toka juu mpaka chini, akaendelea kutwanga. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine.

Akasema akitwanga, "Wanasema alikunywa maji mabaya."

"Hapana, mama. Maji hayo tulikunywa wote."

"Alikuwa na njaa?"

"Hapana. Alikuwa akila akishiba."

"Alikula nini?"

Nikasema, "Wali."

Akausimamisha mchi. "Abdulrahim, wali hauui mtu. Nimemlea kwa wali. Na wewe umelelewa kwa huo huo."

Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu miguu na kidole chako, kunde, Sakaya, wale kumi na mmoja wa Themi. Kisha akaingiza mkono kinuni, akatoa mchele kiganjani, akanipa niutazame. Namelok, sikuwahi kuutazama. Nimeula miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kuutazama. Ni mwekundu. Kila punje ina ngozi yake nyembamba, imechubuka hapa na pale tu, na unga wa pumba umeishika.

"Ulikuwa hivi?" akaniuliza.

"Hapana. Ulikuwa mweupe kama chumvi. Unasagwa kwa mashine."

Akausugua ule mchele kwa kidole gumba mpaka ngozi ikatoka, akaipuliza. Ikabaki punje nyeupe. "Hivi?"

"Hivi hasa."

Aliikodolea macho. "Basi walimnyima kile ambacho mchi hukibakiza," akasema.

Nilikuwa nimebakiza jambo moja, na nikaona nisipolisema hapo sitalisema tena. Nikamwambia kwamba Feruzi alipougua nilimpa na fungu langu, kila jioni, nikidhani namsaidia, na kwamba huenda nilimharakisha.

Alimaliza kutwanga, akapepeta, akaosha, akakoka moto. Akapika wali, na mboga ya kunde, na samaki. Aliniwekea sinia mbele yangu, akakaa ng'ambo, na sikuthubutu kunyoosha mkono.

Akasema, "Ulimpa chako?"

"Nilimpa, mama."

"Wewe ukabaki na nini?"

"Siku nyingine sikubaki na kitu."

Akausogeza wali upande wangu. "Kula."

Nimekula, Namelok. Nimemaliza, naye alikula pamoja nami, kidogo kidogo. Sasa amelala ndani na mimi ninaandika. Kesho narudi Tanga, keshokutwa Buiko, na kibuyu changu cha kunde kiko tayari kimejaa maji. Amenipa pishi mbili za mchele huu wa kutwanga nikuletee. Ameniambia nikuambie usiupepete sana.

Mumeo,
Abdulrahim bin Omary